Diski Zilizomwagiwa Maji Chini ya Sekenke

Sogea, wewe unayenisikiliza. Kalia hilo dumu tupu hapo kivulini, nikuonyeshe namna ya kubadilisha diski za breki za mbele nyumbani kwako. Ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji nguvu za ajabu. Nitakueleza taratibu, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nafundisha hesabu darasa la tatu, na nimezoea kurudia jambo lilelile bila kununa. Ila nikuonye mapema. Siku nilipoifanya kazi hii kwa mara ya kwanza peke yangu nilikuwa nimekasirika, na kila nikiisimulia hasira hurudi mahali pake pale pale. Ukisikia sauti yangu imepanda, usidhani ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya kaka yangu.

Kaka yangu ndiye mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, nami ni wa mwisho. Kwetu mkubwa haambiwi kwamba ameharibu. Anaamkiwa, anaulizwa kama amekula, anasogezewa kiti, na kama baada ya hayo bado unalo la kusema, unalimeza na chai. Gari ni langu, nimelinunua kwa jasho langu, lakini gari likiingia kwenye ukoo linakuwa kama kinu: kila mwenye kutwanga anakuja kuliazima, na anayenyimwa anatangaza.

Basi aliliazima kwenda Shelui kupeleka posa ya mwanawe. Alilirudisha Alhamisi jioni, limeoshwa. Hapo tu ningepaswa kushtuka. Kaka yangu hajawahi kuosha hata baiskeli yake. Sasa gari linang'aa, ringi zimesuguliwa hadi kwenye mikunjo, na kwenye kiti cha nyuma kuna mfuko wa mchele.

"Wakwe zetu wanakusalimu sana," akasema, akanipa ufunguo.

"Salamu zao nimezipokea. Karibu chai, kaka."

"Chai siku nyingine, mdogo wangu." Akaondoka kwa mguu, haraka, mtu ambaye hata kwenda dukani kwa jirani hupanda bodaboda.

Kesho yake natoka shule, nakaribia kwetu Mandewa, mbuzi akakatiza barabara. Nikakanyaga breki. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kama ungo wa kupepetea, na pedali ikawa inanipigapiga unyayoni. Gari lilisimama, ndiyo, lakini mbele zaidi ya pale nilipotaka lisimame. Mbuzi alinitazama kwa dharau akaendelea na safari yake.

Nikufafanulie kilichokuwa kinatokea. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hiyo ndiyo diski. Ukikanyaga breki, vipande viwili vinavyoitwa pedi vinaibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyokamata sahani ya chai, na gari linapungua mwendo. Sahani ikiwa imenyooka, husikii kitu. Ikiwa imepinda, hata kidogo ambacho jicho halioni, pedi zinarukaruka juu yake, na mtetemo huo unapanda hadi kwenye usukani na kushuka hadi kwenye mguu wako. Usukani ukitetemeka unapofunga breki, usijifariji kwamba ni barabara mbovu.

Nilifungua gurudumu moja jioni ileile, nikamulika kwa simu. Diski ilikuwa na mabaka ya rangi ya samawati, kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na mistari midogo ya nyufa ilikuwa imetoka katikati kwenda nje. Chuma hakifiki hapo kwa kwenda shule na sokoni.

Nikampigia kaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vipi, mchele umeupika?"

"Bado. Kaka, Sekenke uliteremkaje?"

Sekenke, kama hujapita, ni mteremko mrefu wa kona unaoshuka kutoka juu huku kwetu hadi bondeni kwenye njia ya Shelui. Malori yanaushuka yakilia. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa.

"Vizuri tu," akasema. "Niliweka frii."

"Frii mlima mzima?"

"Sasa mafuta nichome ya nini wakati gari linashuka lenyewe? Wewe wa kusoma sana hujui hilo? Unatoa gia, gari linateleza, unagusa breki kidogo kidogo."

"Na mlipofika chini?"

Nikasikia mke wake anacheka nyuma yake, kisha sauti ya mke ikaingia: "Mwambie ule moshi! Wifi, matairi yalitoa moshi kama tanuri la mkaa!"

"Kidogo," kaka akasema. "Moshi kidogo. Pale chini wapo vijana wenye madumu. Wakamwagia maji mpaka yakapoa. Yalilia shiiii, kisha kwisha kazi. Gari likawa baridi kama mtungi."

Niliegemea ukuta. Jamani. Gari lenye gia linashikwa na injini yake. Umewahi kuona mkokoteni wa punda unavyoteremshwa? Mwenye punda anarudi nyuma, anauvuta mkokoteni usimsukume mnyama. Gia ndiyo yule mtu wa nyuma. Ukitoa gia, umemfukuza, na mzigo wote umeuacha kwa breki peke yake, kona baada ya kona, mpaka diski inaiva. Halafu chuma kilichoiva unakimwagia maji ya baridi upande mmoja! Kinajikunja pale pale. Kinapasuka. Na haya hayakuwa makosa ya mtu mmoja aliyepotea. Ni desturi ya mlima ule, imezoeleka, ina vijana wake na madumu yake, na anayekataa kumwagiwa anaonekana mchoyo.

"Kaka, umeua diski."

"Nimeua! Mimi nimerudisha gari linatembea."

"Linatembea. Halisimami."

"Mdogo wangu, punguza ukali. Kesho saa nne nakuja kuchukua gari na mama, tunakwenda kwenye kikao cha mahari. Mama akae mbele. Wakwe wamuone bibi harusi wetu wa zamani akishuka kwenye gari, mwanawe mkubwa kwenye usukani." Akacheka. Akakata simu.

Sasa unaelewa kwa nini sikulala vizuri. Mama yetu alikuwa ateremshwe Sekenke, kwenye kiti cha mbele, na mtu yule yule, kwa frii ile ile, juu ya diski zenye nyufa. Nilipomwambia mama, anayeishi kwangu, kwamba afadhali niendeshe mimi, aliweka kikombe chini. "Kwenye mahari nifikishwe na binti yangu wakati mwanangu wa kiume yupo? Watasema hatuna mtu." Kisha akaongeza jambo kwa Kinyaturu ambalo sitalitafsiri, lakini lilinihusu.

Kumnyima ufunguo ningeweza. Ningenyimwa na mimi ukoo. Nikaona nianze na kile ninachokiweza: chuma.

Usiku uleule, duka la spea likikaribia kufungwa, waliniuliza kama nataka diski moja au mbili. Nunua mbili. Kila mara mbili, za kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya, maana diski mpya na diski kuukuu hazishiki sawa, na gari litakuvuta upande mmoja siku ambayo hutaki kuvutwa. Muuzaji akaniambia nimtume mume wangu aje achague. Nikamwambia mume wangu ni fundi cherehani. Muuzaji akitaka kupindiwa suruali yake nitamtuma. Akanitolea mbili.

Jumamosi alfajiri nikaanza, gari likiwa uani, pua yake ikielekea getini. Fuata sasa.

Kwanza legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, maana likiwa juu gurudumu litazunguka na spana yako. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, ndipo uinue mbele kwa jeki. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia. Chini ya chesisi, yaani fremu ya gari, weka stendi ya chuma ya kubebea gari. Kama huna, weka gogo pana la mti mgumu. Mimi niliweka magogo mawili ya mkaratusi. Usiweke tofali la saruji, hata kama jirani zako wote wanaweka. Tofali linavunjika bila kukuaga.

Toa gurudumu. Utaona diski, na juu yake utaona kaliper, kile kipande kinachozikumbatia pedi. Kinashikwa na bolti mbili kwa nyuma. Zifungue, ukitoe, lakini usikiache kining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki, maana mpira ukikatika ndani hutaujua mpaka siku mbaya. Kifunge juu kwa waya, kwenye springi. Kisha fungua kile kishikizo cha pedi, nacho kina bolti mbili, ngumu zaidi. Hapo nilipanda na mguu juu ya spana nikamtaja kaka yangu. Bolti ikaachia.

Diski yenyewe itakuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Usiogope, haikatai, imezoea tu. Igonge kwa nyundo nyuma, ukizungusha, huku na huku. Na hapa naomba nikiri starehe: ile ya kwanza niliigonga zaidi ya ilivyohitaji. Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni.

"Imeshatoka hiyo, mke wangu. Iko chini."

"Najua iko chini."

"Basi iache ipumue."

Akaenda kuchemsha chai. Ni mtu mwenye akili.

Diski ikishatoka, sugua pale inapokaa, sugua kwa msasa mpaka chuma kiwe safi, kwa sababu punje moja ya kutu chini ya diski mpya itaifanya ikae upande, na mtetemo utaurudisha mwenyewe ndani. Diski mpya huja na mafuta ya kuikinga na kutu. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kabisa, na baada ya hapo usiiguse usoni kwa vidole vyenye grisi. Rudisha kishikizo, kaza kweli kweli. Weka pedi mpya.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye kisa. Ndani ya kaliper kuna pistoni, kama kikombe kidogo cha chuma, ambacho husukuma pedi. Pedi kuukuu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo pistoni ilikuwa imetoka nje sana. Pedi mpya ni nene. Hazitaingia mpaka uirudishe pistoni ndani. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki, kisha ibane pistoni taratibu kwa klampu ya seremala mpaka ilale, urudishe kifuniko. Halafu kaliper itavaa pedi bila kulazimishwa, uikaze kwa bolti zake mbili. Lakini kumbuka umeirudisha nyuma. Iko mbali na pedi. Mpaka uikanyage pedali mara kadhaa kuisogeza tena, yaani kuipampu, gari lako halina breki kabisa. Lina diski mpya, pedi mpya, na halina breki.

Nilikuwa nakaza nati za gurudumu la pili, kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini upande wa pili, kama unavyochora nyota, kaka alipoingia. Koti, kofia, viatu vya kung'aa.

Niliinuka na spana mkononi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba! Aisee, umekuwa kama panya aliyetoka kwenye dohani. Bado tu? Wakwe wanasubiri."

"Bado kidogo. Njoo uone." Nikamwonyesha diski zake. Akaigeuza moja kwa ncha ya kiatu.

"Si kutu tu hiyo?"

"Ni maji yako ya Sekenke hayo."

Mama alikuwa ameshatoka, kavaa vitenge vipya viwili vya sare na kofia ya kitenge hichohicho, kaja kusimama juu yetu. Alizitazama zile nyufa. "Nani alimwagia maji?"

Kaka akainama kupangusa kiatu chake. Mimi nikarudi kwenye nati zangu. Nilijua jibu litamfikia.

"Chungu kikitoka motoni hata mtoto anayejifunza kupika hakimwagii maji," mama akasema. "Wewe umeoa, unaozesha, unamwagia." Kisha akaingia kwenye gari, kiti cha mbele, akakaa na mkoba wake mapajani. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, safari ianze.

Nikashusha gari chini, nikatoa jeki na vizuizi, nikamalizia kukaza nati. Nikasema, na mume wangu ni shahidi: "Asiguse mtu. Nanawa mikono, nakuja kupampu pedali." Nikaenda bombani. Nilikuwa nimepaka sabuni niliposikia injini inawaka.

Ufunguo aliuchukua kwenye msumari wake mlangoni, kama anavyouchukua siku zote. Alikuwa na haraka. Mkubwa hasubiri mdogo wake anawe. Uani kwetu pameinama kuelekea getini, na nje ya geti, ng'ambo ya njia, kulikuwa na rundo la mchanga la jirani anayejenga. Niliona breki ya mkono inaachiwa, gari linaanza kushuka, na kichwa cha kaka kinashtuka mguu wake ulipofika chini bila kukuta kitu. Akakanyaga tena. Alikuwa anazitengeneza breki, hakujua tu, lakini njia ilikuwa imekwisha. Gari likapita getini, likavuka njia bila kuuliza, likapanda mchangani hadi kwenye taa. Likazima.

Nilikimbia na povu mikononi. Kofia ya mama ya kitenge ilikuwa imemwangukia machoni. Mkoba bado mapajani. Aliisukuma kofia juu kwa kidole kimoja.

"Umekanyaga nini?" akamuuliza mwanawe.

"Breki, mama! Hakuna breki! Huyu ameziharibu!"

Sasa, hapo. Shikamoo zote nilizowahi kumpa mtu yule niliziweka kando. Nilisema. Sikutukana, lakini nilisema kwa sauti iliyomfanya jirani wa mchanga atoke. Nilimwambia nilisema asiguse mtu, naye si mtu? Nilimwambia kama pale pangekuwa kona ya Sekenke mchanga tungeutoa wapi. Nilimwambia mama huyu ni wangu pia. Nilimwambia gari likioshwa bila sababu mimi najua, nimejua tangu Alhamisi, na mchele wake sijaupika kwa sababu unanukia moshi. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Mchele ulikuwa mzuri.

Kaka alifungua mdomo. "Mdogo wangu, unaniambia hivyo mbele ya—"

"Shuka," mama akasema.

Hakuwa ananiambia mimi.

"Mama, wakwe wata—"

"Wakwe wataniona nikifika. Shuka. Atashika usukani aliyefungua tairi. Wewe kaa nyuma, ushike kuku."

Kuku wa zawadi alikuwepo, jogoo mwekundu kwenye tenga, na kaka yangu alimshika mpaka Shelui, kofia kichwani.

Tulilisukuma gari kutoka mchangani, na kabla ya kuondoka nilikaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, nikapampu pedali mbele yao wote mpaka ikawa ngumu, nikaangalia mafuta ya breki, nikazunguka mtaa polepole mara kadhaa nikisimama na kuondoka. Kisha tukaenda. Juu ya Sekenke nikaingiza gia ya pili. Injini ikalia, gari likashikika. Mama akasema kelele hizo zinamuumiza masikio, na sikubadilisha gia. Chini walikuja vijana wawili na dumu. "Dada, tumwagie?" Nikawaambia hapana, hazina moto. Mmoja akainama kuhakikisha, akaonekana kukata tamaa. Kutoka nyuma hakukusikika neno, isipokuwa la jogoo.

Jioni ile, kwenye kundi la ukoo la simu, kaka aliweka picha. Mama anashuka kwenye gari, wakwe wanapiga vigelegele, yeye amesimama mbele ya mlango wa dereva, mkono juu ya paa. Chini aliandika: "Tumemfikisha mama salama." Shangazi zetu wote walimpongeza. Bado ipo, hiyo picha. Bado naiangalia nikiwa na nafasi ya kukasirika. Na kuanzia siku ile ufunguo haukai tena kwenye msumari.

Wewe hutakuwa na rundo la mchanga ng'ambo ya njia. Kwa hiyo ukimaliza kukaza nati, hata kama watu wamevaa na wanakuita, usiwashe gari. Kaa kwenye kiti, kanyaga pedali ya breki taratibu, achia, kanyaga tena, achia, na uendelee hivyo mpaka iwe ngumu chini ya mguu wako na isishuke. Ndipo uachie breki ya mkono.